Fungua Mkono, Hasani

Darasa la sita lilikuwa limetulia kama watu wanaomsubiri padri atoke sakristia. Mikono ilikuwa juu ya madawati, macho yote kwenye redio. Mwalimu Hyasinta aliiwasha tena. Redio ikakohoa, ikakwaruza kama kuku anayechakura makapi, ikatoa sauti ya mtu aliye mbali sana, mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Kisha ikanyamaza.

"Imekufa tena, mwalimu," alisema msichana wa dawati la mbele, kwa upole, kama anayempa pole mfiwa.

Upole ule ndio uliomkera Hyasinta kuliko kicheko. Watoto walikuwa wameshazoea kukosa. Kipindi cha shule kilianza saa nne na robo na hakikumngoja mtu. Huko Dar es Salaam mtangazaji alikuwa ameshawasalimu watoto wa nchi nzima, na watoto wa nchi nzima walikuwa wameshamwitikia, isipokuwa hawa wa kwake hapa Daa, ambao waliondoka makwao na umande, wakapita kwenye ukungu wasiweze kuona hata mgongo wa mwenzao.

Hakuna alichoacha kujaribu. Alikuwa ametoa betri na kuzifuta. Alikuwa amesugua kwa msasa vile vyuma vinavyozishika. Alikuwa ameigeuza redio ikaelekea dirisha la mashariki, mbali na ukuta wa bati. Yote hayo alifundishwa na Hasani, fundi wa redio wa Karatu, ambaye ofisi ya elimu ilimpa kazi ya kuzungukia shule na kuwasaidia walimu redio zao zikigoma.

Hasani huyo huyo. Akimkumbuka tu, hasira ilimpanda Hyasinta hadi masikioni.

"Chukueni majembe," aliwaambia watoto. "Twende shamba la shule. Leo mahindi ndiyo yatatufundisha."

Kabla hajafika mlangoni alisikia kengele ya baiskeli.

Mwanzoni Hyasinta hakuwa amempendea Hasani uzuri, ingawa uzuri alikuwa nao, na meno yake ya mbele yaliyoachana kidogo. Alimpendea jambo dogo. Siku ya kwanza alipokuja, wakati wa masika, walimu wote walikusanyika ofisini waonyeshwe namna ya kuitunza redio. Mwalimu Mkuu Wilibrodi, mtu mzima mwenye mvi, alitangaza kwa fahari kwamba betri zikichoka yeye huzianika juani juu ya bati, kisha huziuma kwa meno ziamke. Walimu vijana waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Hasani hakucheka. "Hata mama yangu huzianika, Mwalimu Mkuu," alisema. "Zinaamka kidogo, halafu zinatapika. Ngoja nikuonyeshe zinapotapikia." Akamwonyesha yeye kwanza, kabla ya wote, akimshikisha bisibisi mkononi kama mwenzake wa kazi. Hyasinta aliliona hilo, akamtazama yule kijana mara ya pili. Ile mara ya pili ndiyo iliyomponza.

Sasa alimtazama akiegemeza baiskeli ukutani, suruali imejaa tope jekundu hadi magotini, na moyo wake ukafanya ujinga wake wa siku zote. Akaukasirikia huo nao.

"Umechelewa," alisema.

"Mnyororo ulikatika kule mtoni. Habari za tangu Ijumaa?"

"Habari unazijua wewe. Ijumaa umeondoka redio inaimba. Jumatatu imelala. Ijumaa iliyotangulia, hivyo hivyo. Na ya kabla yake, hivyo hivyo."

Mwalimu Mkuu Wilibrodi alipita na kikombe chake cha chai. Hakutaka kupitwa. "Redio hii haiumwi, fundi," alisema. "Imemzoea daktari tu." Akacheka mwenyewe, akaenda zake.

"Umesikia?" Hyasinta alisema. "Hivyo ndivyo wanavyosema ofisini, kisimani, na kanisani nikitoka komunyo. Kwamba fundi wa Karatu anaacha waya umelegea ili apate sababu ya kurudi kwa binti wa Bartolomeo. Na mimi nilikutetea! Nimegombana na watu wazima kwa ajili yako."

"Niifungue kwanza, halafu unigombeze."

"Nitakugombeza ukiwa unafungua."

Hasani aliketi kwenye benchi chini ya mapaa ya darasa, akaweka redio mapajani, akalegeza skrubu moja moja na kuzipanga juu ya leso yake. Kifuniko kilipotoka aliinamisha uso ndani, akavuta pumzi. Hyasinta alimwona akinusa. Kisha akatulia, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa kwa nyuma. Aliingiza vidole viwili kwenye kona ya chini, akatoa kitu, akafumba ngumi haraka.

"Umetoa nini?"

"Takataka."

"Nionyeshe."

"Takataka tu, Mwalimu."

Alimwita Mwalimu. Wakiwa wawili peke yao hakuwa akimwita hivyo tena.

"Fungua mkono, Hasani."

Hakufungua. Alitazama vilima, kule mashamba ya ngano yalikoishia kwenye ukungu, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayejua jibu, "Redio hii ikitoka hapa Ijumaa inalala wapi?"

"Unajua inapolala. Tangu wezi wavunje stoo ya shule, baba yangu ndiye anayeihifadhi hadi Jumatatu, kwa sababu ni mjumbe wa kamati ya shule na watu wanamwamini. Usithubutu kumwingiza baba yangu katika uchafu wako."

"Simwingizi."

"Basi niambie nani anaiharibu!"

Watoto walikuwa wanaimba shambani, majembe yanapanda na kushuka.

"Mimi," alisema Hasani. "Nililehemu vibaya."

"Mara zote hizo?"

"Mara zote hizo."

Hyasinta alitaka akane. Alikuwa amejiandaa kubishana, abishiwe, apewe hata uongo mzuri. Hili la kukiri kirahisi hivi, macho chini, ngumi imefumbwa, lilimkata maini.

"Unajua umechukua nini?" alisema. "Si mimi uliyenichezea. Mimi ni mtu mzima, nitajifuta machozi. Watoto wale watafanya mtihani ule ule na watoto wa mjini waliosikia vipindi vyote. Ungetaka kuniona ungekuja kama mwanamume, ukapiga tena hodi kwa baba!"

"Nilipiga hodi."

"Na akakufukuza."

"Hakunifukuza. Alinipa maziwa mgando, kibuyu kizima, akangoja ninywe nimalize. Ndipo akaniambia nisirudi." Alitabasamu kidogo bila furaha. "Alisema yeye ni Mkristo, mimi mwana wa Matano wa dukani, na binti yake hatafunga ndoa dukani."

"Basi alikuona vizuri kuliko mimi."

Maneno hayo yalimfikia. Hyasinta aliyaona yakimfikia. Hasani aliinama akaendelea na kazi kwa mkono mmoja na vidole vitatu vya ule mwingine, akikwangua nta ya kushikizia nyaya za ndani, iliyoyeyuka na kuganda mahali isipotakiwa, akiunganisha, akipuliza. Ngumi hakuifungua. Alipowasha, sauti ikatoka safi kabisa, ikijaza uwanja mzima. Mtangazaji alikuwa anawaaga watoto.

"Ofisi ina shule za upande wa Ngorongoro, mpaka Wasso," alisema akikusanya vyombo. "Walitaka nikae huko mwaka mzima. Lori linaondoka Jumapili. Nilikuwa nimekataa."

"Kubali," alisema Hyasinta. "Na sasa nenda, leo ni Ijumaa, usikose msikiti kwa ajili yangu. Ukifika umwombe Mungu msamaha. Ukimaliza uliombe darasa la sita."

Hasani alipanda baiskeli, akaondoka akishika usukani kwa mkono mmoja. Hyasinta alimtazama mpaka alipopotea kwenye migomba ya misheni, akijiambia kwamba anamtazama kwa chuki.

Jioni aliibeba redio hadi kwa baba yake. Siku zote aliikabidhi mlangoni na kurudi kwenye nyumba yake ya walimu. Tangu siku ile ya maziwa hakupenda kukaa mezani na baba yake. Leo aliingia. Alitaka mahali pa kuketi na hasira yake.

"Amekiri," alisema.

Mzee Bartolomeo alikuwa anachonga mpini. Aliweka kisu chini. "Nani?"

"Fundi. Kasema ni yeye anayeiharibu."

"Ahaa! Nilikuambia, Hyasinta. Nilikuambia au sikukuambia? Fundi anayeacha mlango wazi ili arudi, huyo ni mwizi mwenye adabu tu. Kijana mzima, anaharibu mali ya watoto! Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya kamati. Asikanyage tena Daa."

"Haji tena. Anakwenda Wasso."

"Vizuri. Huko akawadanganye fisi."

"Baba Hyasinta," alisema mama yake, Marsela, kutoka jikoni, "mtoto analia na wewe unashangilia."

Mzee alikuwa mkali wa mdomo, lakini hakuwa mtu mbaya. Aliichukua redio kutoka mapajani mwa binti yake, akaifuta vumbi kwa ile leso yake nyeupe ya Jumapili, polepole, kama anayemfuta mtoto mafua. Safari hii akaifunga katika shuka lake jipya, lile ambalo yeye mwenyewe hakuwa amejifunika bado. Kisha akaingia jikoni, akapanda juu ya kigoda, akainyoosha mikono kuelekea kwenye uchaga juu ya moto.

"Baba. Unaiweka wapi?"

"Pale pale inapokaa siku zote."

"Juu ya moto?"

"Mahali pazuri kuliko pote nyumbani humu," alisema Mzee Bartolomeo, mgongo umemwelekea. "Mbegu ya marehemu babu yako imekaa hapa miaka yote. Fukusi hawaigusi, unyevu hauigusi. Kwa ukungu wa huku, redio yenu ingelala chini ingeshaota uyoga."

"Hata usiku huamka," alisema mama yake, na sauti yake ilikuwa na mapenzi. "Anaongeza kuni, eti mali ya shule isipate baridi."

Hyasinta alisimama. Mahindi ya mbegu yalining'inia mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi, na pale masizi yalipobanduka punje ziling'aa nyekundu, nyekundu ya damu ya mzee. Hakuna mtu mwingine Daa aliyekuwa na mbegu ile. Kila aliyepita shambani kwao wakati wa kuvuna alisimama kuitazama.

"Nipe hiyo redio."

"Nimeshaifunga vizuri."

"Nipe, baba!"

Alilifungua shuka. Aliitikisa redio karibu na sikio. Ndani, kitu kidogo kiligonga, kikabingirika, kikagonga. Aliigeuza juu chini, akaitikisa tena kuelekea ile kona ya kifuniko cha betri iliyovunjika siku nyingi. Punje moja nyekundu ikadondoka kiganjani mwake. Hasani hakuwa ameisaza hiyo kwa makusudi, ilimponyoka tu.

Akafumba ngumi. Alipoifumba ndipo alipoelewa ngumi nyingine.

Harufu ya moshi ilikuwemo kwenye redio siku zote. Lakini Daa nani hanuki moshi? Pua ya mtu wa Karatu mjini, anayepikiwa kwenye jiko la mafuta ya taa, ndiyo iliyoweza kuisikia.

"Amejua," alisema taratibu. "Alijua tangu mwanzo."

"Amejua nini? Nani?"

"Ni wewe, baba! Ni wewe unayeipika! Unaipika Jumamosi, unaipika Jumapili, nta inayeyuka ndani, masizi yanaingia, mbegu za babu zinaingia! Yeye anakuja anaitengeneza, na mimi nakuletea uipike upya!"

"Mimi?" Mzee alipigwa na butwaa, kisha akawaka. "Mimi niharibu mali ya shule? Mimi, ninayelala jicho moja kwa ajili yake? Nani kakwambia upuuzi huo? Huyo mwana wa Matano?"

"Hajasema kitu! Hilo ndilo linaloniumiza. Nimemtukana leo pale shuleni, nimemwambia wewe ulimwona vizuri kuliko mimi, na yeye ameshika punje yako mkononi na hajasema kitu!"

Alifungua kiganja. Mzee Bartolomeo aliinama akaitazama ile punje. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuitambua. Kisha akatazama juu, kwenye hindi lililokuwa na pengo.

"Angeniambia," alisema hatimaye.

"Angekuambia, ungemwitaje?" aliuliza Marsela bila kuinua macho kwenye sufuria.

Mzee alikaa juu ya kile kigoda alichokuwa amekipanda.

"Ningemwita mwongo," alisema baadaye. "Na kamati wangemcheka Bartolomeo mpaka leo."

Asubuhi walipanda lori la maharage, baba na binti, redio katikati yao. Karatu ilikuwa na upepo na vumbi, na mbele ya duka la Mzee Matano kulikuwa na sanduku la vyombo lililofungwa kamba, tayari kwa safari ya kesho.

Hasani alitoka na bisibisi mdomoni. Alipowaona aliitoa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Mzee Bartolomeo, kwa shida.

Akaweka redio juu ya meza ya kazi. Wanaume wawili wakaitazama, na ilikuwa wazi kwamba wangeweza kusimama hivyo mpaka jua litue, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Hyasinta hakuweza kuvumilia.

"Mnanyamaza," alisema. "Ndivyo mlivyo. Wewe baba, uliona aibu kuuliza redio inatunzwaje, kwa sababu mjumbe wa kamati haulizi. Na wewe Hasani, ukaona vyema kuchafuliwa jina kuliko kumwambia mzee neno moja. Mmeheshimiana sana! Heshima yenu tamu kabisa. Na walioilipia ni watoto wangu wa darasa la sita."

"Nilifikiri nitaisafisha kila wiki," alisema Hasani kwa sauti ndogo. "Mpaka nipate njia ya kusema bila kumvunjia heshima."

"Njia ipi? Kupitia Wasso?"

Mzee Matano, aliyekuwa anapima sukari ndani, alikohoa kuficha kicheko.

"Fungua mkono, Hasani," alisema Hyasinta.

Safari hii alielewa. Alifikia rafu, akashusha kikopo cha skrubu, akakimimina kiganjani. Punje nyekundu zilikuwemo, zote alizozitoa, zimefutwa masizi.

Mzee Bartolomeo alizigusa kwa kidole. "Kwa nini hukuzitupa?"

"Mbegu ya mtu haitupwi, mzee. Nilijua ina mwenyewe."

Mzee alipanga maneno yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Nimekuja kwa ajili ya redio. Usidhani nimekuja kwa jambo jingine. Lile la dini liko pale pale."

"Sijadhani, mzee."

"Kamati nitaiambia mwenyewe. Kesho, baada ya misa. Nitaiambia ni nani aliyekuwa anaipika." Alitazama lile sanduku lililofungwa kamba. "Lori lenu hilo la Wasso. Linaweza kungoja?"

"Halingoji, mzee."

"Basi liende."

Akageuka haraka, akaingia dukani kumsalimia Mzee Matano, kama mtu aliyekumbuka kununua chumvi.

Hyasinta hakusogea. Hasira yake ilikuwa bado ina moto, na hakutaka izimwe upesi; alikuwa na haki nayo. "Jumatatu saa nne utasimama mbele ya darasa la sita," alisema. "Wewe na baba. Mtawaambia wenyewe."

"Nitasimama."

"Na mimi nitasimama. Nina la kuomba msamaha." Alisema hivyo akitazama pembeni. "Kwako. Lakini si leo. Leo bado nimekukasirikia."

"Nitangoja," alisema Hasani, na yale meno yaliyoachana yakaonekana.

Hyasinta alinyoosha mkono, akaokota punje moja kiganjani mwa Hasani, vidole vyake vikakaa pale muda mrefu kidogo kuliko punje ilivyohitaji, kisha akafumba ngumi.

"Umechukua nini?" aliuliza Hasani.

"Takataka tu, fundi," alisema Hyasinta, akaondoka bila kuifungua.